Niliitetea Kamera Mbele ya Kanisa Zima

Mpaka leo nikisikia mtu anajaribu kipaza sauti, ule mchezo wa "haloo, haloo, huko nyuma mnanisikia?", macho yanaanza kutafuta mlango uko wapi. Watu wa Tabora mtacheka, kwa sababu nusu yenu mmeshaisikia habari hii kwa midomo ya watu, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (kuna wanaosema nilipigwa na wazee wa kanisa, sikupigwa, na kusema kweli ningependelea kupigwa). Kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe, jinsi nilivyomwaibisha mama yangu mzazi hadharani kwa ajili ya chuma.

Jina langu ni Mihayo. Wanyamwezi wenzangu wanajua maana yake ni maneno, na kama kuna mtu aliyewahi kustahili jina lake ni mimi, ingawa kwa kawaida ni mpole, siongei, naishi kichwani mwangu. Kazi yangu ni kupiga video. Sikusomea popote, nilijifunza kwa simu, kwa kuangalia mafundi wa nchi za watu wakieleza mwanga na lenzi huku bando linakatika katikati ya sentensi, na pengine ndiyo sababu kila siku nahisi kuna somo moja kubwa ambalo wenzangu walifundishwa na mimi nililikosa kwa sababu bando liliisha. Nina ugonjwa wa kurudia. Niliwahi kumrudisha bwana harusi mlangoni mwa ukumbi aingie upya kwa sababu tai ilikuwa imepinda, wakati huo bibi harusi ameshakaa na watu wanakula. Mimi ndiye huyo.

Sasa, kamera. Kulikuwa na jamaa Dar es Salaam, Kaka Beni, alikuwa anauza kamera ya sinema, si hizi za kupigia birthdei, kamera ya sinema yenyewe, ilipokuwa mpya ilikuwa na bei ya nyumba na watu wa matangazo walikuwa wanaikodi kwa siku. Sasa imezeeka, wenyewe wamehamia kwenye mashine mpya, na bei imeshuka mpaka mtu kama mimi akijikaza anaigusa. Swali likawa moja tu, bado inafaa? Swali hilo lilininyima usingizi. Niliangalia kila video iliyopo mtandaoni, huyu anasema picha yake haijapata mpinzani mpaka leo, yule anasema ipelekeni makumbusho, na mimi nilikuwa nawaamini wote wawili kwa zamu. Chini ya video moja kuna mtu aliandika kwamba kamera hizi za zamani zina tabia ya kuona mwanga ambao jicho la binadamu halioni, na kwamba ukizifunika lenzi kwa kioo cheusi kwenye jua kali, baadhi ya nguo nyeusi zinatoka na rangi ya damu ya mzee, yaani maroni. Nikasoma, nikasema hiyo ni shida ya Wazungu na masuti yao, nikapita.

Rafiki yangu Shija, naye ni mpiga video, mtu wa Igunga lakini siku hizi yuko mjini hapa Kanyenye, ana kamera ndogo mpya inayojitafutia yenyewe uso wa mtu na kuushikilia. Nilipomwonyesha picha ya ile ninayoitaka alicheka mpaka akakaa chini.

"Mihayo, hicho kitu kimestaafu. Unataka kumrudisha kazini babu wa watu?"

"Angalia rangi za ngozi, Shija. Angalia ngozi!"

"Betri yake ni kama tofali, utaipata wapi Tabora hii? Ikifa utaizika?"

"Picha yake..."

"Mteja haoni picha, mteja anajiona yeye mwenyewe. Nunua ndogo, mzee, tule maisha."

Alikuwa na hoja, nakiri. Lakini kicheko chake ndicho kilichonisukuma kununua, maana kuanzia siku ile sikuwa tena mtu anayetafuta jibu, nilikuwa mtu anayetafuta namna ya kumthibitishia Shija.

Hela haikutosha. Mama alikuwa ananiangalia nachezea ugali kwenye sahani, siku moja akaingia chumbani akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo, akaniwekea magotini.

Nikamwambia, "Mama, hizi si za sare?"

Hapa inabidi niwaeleze wasioijua kwaya yetu. Kwaya yetu sare ni kama amri ya kumi na moja. Mwaka ule walikubaliana nguo nyeusi tii, kitambaa kimoja, kizito, chenye pamba ndani yake, cha duka moja Kanyenye, akina mama sketi na koti, akina baba suti, kwa ajili ya kupigia video ya nyimbo zao na kuzindua. Msimamizi wa sare ni Mama Kulwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwanza na macho ya askari wa barabarani, na aliwahi kumtoa mtu kwenye mstari wa mbele mbele ya waumini wote kwa sababu viatu vyake vilikuwa vya kahawia. Na mama yangu ndiye anayeanzisha ule wimbo wao mkubwa, wimbo wa safari, anaanza peke yake mistari miwili ndipo wengine wanaingia. Amekuwa akiuanzisha tangu niko darasa la kwanza. Baba alipofariki, pale ndipo palipomshikilia mama, pale mbele, mkono wa kushoto, na asikwambie mtu kwamba ni kuimba tu.

"Za sare, ndiyo," akasema. "Nitashona ya tetroni. Ipo nyeusi nimeiona sokoni, rahisi, nyepesi hata kwa jua hili."

"Mama Kulwa akijua?"

"Atajuaje? Atanishika pindo? Nyeusi ni nyeusi, baba." Akanyanyuka, akajipangusa vumbi magotini. "Nunua kamera yako ule chakula. Ila lisitoke hapa."

Lisitoke hapa. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili.

Kamera ikaja na basi kutoka Dar, ndani ya boksi lililozungushwa gundi mpaka likawa kama maiti ya Misri, na nilipoifungua, jamani, siwadanganyi, nzito, baridi, ina harufu ya kazi. Ukiiwasha unaweza kwenda kununua vitumbua ukarudi ndipo inakuwa tayari. Feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili. Betri, Shija alisema kweli, tofali. Lakini nilimpiga picha mama akiwa anachambua mchele mlangoni, nikaangalia ile picha, na nikajua kwamba sikukosea. Ngozi ya mama ilikuwa ngozi ya mama.

Mwalimu wa kwaya, mzee mpole anayeongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili, alikubali nipige mimi video kwa sababu mama alimwomba. Wimbo wa kwanza tukaupiga ndani ya kanisa, mchana, madirisha wazi, vizuri kabisa. Wimbo wa safari mimi nikasema hapana, huu tuutoe nje, tuupigie kwenye ile barabara ya zamani ya kuelekea Kwihara, ambako misafara ilipita na mizigo yake kwenda Ujiji, kwaya itembee pale ikiimba habari za safari. Mwalimu akapenda. Nilichokuwa nakitaka hasa (na hapa ndipo penye ule uamuzi mdogo uliozaa yote) ni kule nyuma kwao kuwe na ukungu, sura za waimbaji ziwe kali na barabara iyeyuke, kama kwenye sinema, na ili upate hivyo kwenye jua la saa sita lazima uifunike lenzi kwa kioo cheusi, kizito, kama miwani ya kipofu. Mwalimu aliniuliza kwa upole kama hatuwezi kusubiri jua lishuke. Nikamwambia kioo kitalimudu jua.

Basi nikawatembeza wale watu. Huyu ameangalia kamera, rudieni. Pikipiki imepita, rudieni. Vumbi limezidi, rudieni, vumbi limepungua, rudieni. Mama Kulwa akasema, "Mwanangu, hata wapagazi walikuwa wanapumzika!" Wakacheka wote, na mama yangu akacheka pia, na katikati ya kicheko kile akashika wimbo bila mimi kusema lolote, akauanzisha akiwa na jasho usoni, mwanga umemkaa shavuni, na mimi nilikuwa nimeshabonyeza. Nilipata kile kipande kwa mara moja tu. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupiga na sijui kama nitapata kingine.

Sikugundua? Mtaniuliza. Kile kijidirisha cha kutazamia kwenye kamera kinaonyesha picha ya kijivu, kwa hiyo pale hapakuwa na la kugundua. Nyumbani kwenye kompyuta yangu, ambayo kioo chake kimechoka na kina ubluu wa uchovu, niliona baadhi ya makoti yana wekundu kidogo kwa mbali, nikasema ni vumbi la njia, nikaona hata linapendeza, nikaongeza joto la rangi kidogo ionekane kama jioni. Mwalimu aliomba aione kabla ya uzinduzi. Nikamwambia haijakamilika. Akaomba tena. Nikamwambia kazi ya sanaa haionyeshwi nusu (niliyatoa wapi maneno haya!). Hata mama nilimkatalia, nikamwambia ataiona na watu.

Akaiona na watu.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili baada ya ibada, ukumbi wa kanisa umejaa mpaka wengine wako madirishani, mgeni rasmi kakaa mbele na maua mezani, MC wetu ana koti linalong'aa, wageni kutoka mpaka Nzega na Igunga. Projekta ni ya Shija, niliikodi kwake, na yeye mwenyewe akaja kuiendesha akaketi pembeni yangu amevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Wanakwaya wamekaa pamoja mbele na sare zao, weusi tii wote, kama wino. Mpango ulikuwa tuonyeshe nyimbo mbili, kisha kwaya ipande jukwaani iuimbe wimbo wa safari moja kwa moja, mgeni rasmi azindue, watu wale.

Wimbo wa kwanza, vigelegele. Shija akaniinamia, "Kumbe babu bado anaona." Nilijisikia kama nimepandishwa cheo.

Wimbo wa pili. Barabara ikatokea, ukungu nyuma, sura kali, watu wakasema aaah. Halafu kwaya ikasogea karibu na kamera na ile "aaah" ikabadilika sauti. Kwenye lile pazia kubwa jeupe, kwa macho ya kila mtu, kwaya ilikuwa na rangi mbili. Wengi wao weusi. Wengine, huyu wa mwisho kulia, wale wawili wa sauti ya tatu, yule bwana mfupi, maroni. Maroni kabisa, maroni ya zambarau iliyopondwa. Na mbele yao wote, mkono wa kushoto, akianzisha wimbo, mama yangu, maroni kuliko wengine.

Watu wakaanza kucheka. Kicheko kizuri lakini, cha sherehe, si cha ubaya. MC akadaka kipaza sauti, "Jamani, mbona tulialika kwaya moja zimekuja mbili?" Ukumbi ukapasuka. Mama Kulwa akasimama, mkono kiunoni, "Simamisha hapo, simamisha! Hii kamera gani hii inayotubadilisha nguo?" Shija akasimamisha. Na picha ikaganda pale pale, mama yangu na koti lake la maroni, nyuma ya bega lake Mama Kulwa na koti lake jeusi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuokoka. Kila kitu kilikuwa kinajipanga chenyewe. Mwalimu alisimama, akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba ni kamera, kamera imechoka, ni ya zamani, si kosa la mtu, tutarudia siku nyingine kwa kamera ya huyu kijana mwingine. Shija, mshenzi yule, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu, mimi nilimwambia asinunue chuma chakavu." Watu wakacheka tena. Na mama yangu akageuka kwenye kiti chake, akaniangalia, akacheka pamoja nao, akasema, "Ni kamera tu jamani, za mtumba hizi, msimlaumu mtoto."

Alikuwa ananiomba. Sasa hivi naliona hilo jicho lake kila ninapofumba langu, lilikuwa linaniomba. Lakini mimi nilichosikia ni kwamba hata mama. Hata mama yangu anasema kamera yangu ni ya mtumba, mbele ya Shija.

Na kingine kikanipata wakati huo huo, kibaya zaidi, nikaelewa. Yale maneno niliyoyasoma chini ya video yalinijia yote kwa mkupuo, mwanga usioonekana, kioo cheusi, nguo zinazogeuka na zisizogeuka, na mtu aliyejifundisha mwenyewe akielewa jambo bila kufundishwa anakuwa kama mlevi, lazima aseme. Nikainuka. Nikapita katikati ya viti. MC akadhani naenda kuomba radhi akanipa kipaza sauti kwa heshima.

"Haloo. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee. Naomba nirekebishe kidogo. Kamera haina kosa."

Walikuwa wananisikiliza kwa hisani, na mimi sijawahi kusikilizwa na watu wengi namna ile, nikanogewa.

"Kamera hii inaona kuliko macho yetu. Kuna mwanga wa jua sisi hatuuoni, yenyewe inauona. Sasa vitambaa havifanani. Kile kitambaa kizito chenye pamba kinaumeza ule mwanga, kinabaki cheusi kama mnavyomwona Mama Kulwa pale. Tetroni inaurudisha, ndiyo maana inatoka maroni. Kwa hiyo kamera ni nzima kabisa, ni kamera ya sinema, imetumika Dar. Tofauti mnayoiona siyo ya kamera, ni ya vitambaa."

Nilinyoosha mpaka kidole. Kwenye pazia. Nilikuwa naelekeza kwenye koti la mama yangu kama mwalimu wa sayansi.

Mzee mmoja wa upande wa wageni, mtu wa watu, hakuwa na nia mbaya hata chembe, alitaka tu kuelewa, akauliza kutoka kitini, "Kwa hiyo kijana, hao waliotoka maroni hawakushona kitambaa kilichokubaliwa?"

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Haraka hivyo. Kama mwanafunzi anayejua jibu.

Nadhani nilisikia neno langu mwenyewe likitoka kwenye spika za nyuma, limechelewa kidogo, "ndiyo, mzee," ndipo nikageuka. Mama alikuwa hanitazami. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaivuta sketi yake magotini taratibu, anainyoosha, kana kwamba akiinyoosha vizuri itageuka kitambaa kingine. Wale wa sauti ya tatu walikuwa wanaangalia viatu vyao. Ukumbi ule wote, na watoto ndani yake, ulikuwa unaangalia pazia, halafu unaangalia viti vya kwaya, halafu pazia, unatafuta nani ni nani, na Shija (namshukuru kwa hili peke yake) alikuwa anahangaika na waya ili picha iondoke, na haikuondoka, iliganda.

Mama Kulwa angepiga kelele ningeshukuru. Hakupiga. Alisema tu, "Asante, Mihayo. Umetusaidia kuona," akakaa.

MC akajaribu utani mmoja ukafia njiani, akaita kwaya ipande jukwaani. Wale weusi wakasimama mmoja mmoja. Wale wengine wakabaki, hakuna aliyewaambia wabaki, walibaki tu, na mama yangu akiwa mmoja wao, mikono magotini, mgongo umenyooka. Wimbo ukaanzishwa na Mama Kulwa. Aliushika juu mno, walipofika kiitikio hawakuufikia, sauti zikakatika kama kamba, Mwalimu akasimamisha, wakaanza upya chini, na hapo hata mtu asiyejua muziki alijua nani hayupo. Mgeni rasmi akapiga makofi kabla haujaisha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele mimi nyuma, sanduku la kamera linanigonga paja kila hatua. Watu walitusalimia njiani na mama akawaitikia wote kama kawaida, habari za huko, nzuri, salimieni. Tulipofika alilivua lile koti akalitundika, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza bila hasira, "Yale uliyosema ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Kamera ni nzima?"

"Ni nzima."

Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Wangeisema ni mbovu, ingelia?"

Nikalitua sanduku la kamera sakafuni.

"Mimi mwenyewe niliisema ni mbovu ili yaishe. Kamera haina uso, Mihayo. Mimi ninao."

Nikaanza kueleza kwamba sikukusudia, kwamba nilichanganyikiwa, kwamba Shija alinichokoza, akaninyooshea kiganja ninyamaze, na hakulitaja tena jambo lile mpaka leo. Zile hela za sare wala hajazitaja, na ndizo ninazosubiri kila siku azitaje.

Mengine mnayajua. Habari ilitoka kanisani ikaingia mtaani na ilipofika sokoni ilikuwa imeshanenepa, kwamba Mihayo ana kamera inayoona kupita nguo. Wakanibatiza jina, Eksirei. Nikipita Kanyenye na begi begani mabinti wanajifunika kanga huku wanacheka, "Eksirei huyo, jifunikeni!" Muuza vitambaa mmoja aliniita dukani, kwa sauti ili wateja wasikie, "Fundi, hebu ipitishe hapa kwenye majora yangu, huyu mwenzangu wa jirani anasema nauza feki." Shangazi wa bibi harusi mmoja alinifuata mpaka nyumbani kuvunja makubaliano, akaniambia kwa adabu zote kwamba familia yao haina ubaya na mimi ila hawako tayari kupigwa picha za ndani. Niliapa kwa jina la Mungu. Akasema anajua, lakini.

Ile video nimeirekebisha. Nilikaa nayo wiki nzima, koti kwa koti, nikaziua zile rangi moja moja, sasa kwaya nzima ni nyeusi tii na mama yangu akiwa mbele yao, huwezi kumtofautisha na mtu. Imekamilika kweli sasa. Niliipeleka kwa Mwalimu, akaipokea kwa mikono miwili, akasema Mungu akubariki, na haijachezwa popote. Kwa uzinduzi mwingine walipigiwa video na Shija. Mama hakurudi kwenye kwaya. Hakufukuzwa, hakuna kikao kilichokaa, ila siku hizi anaketi huku nyuma na waumini wengine, na ule wimbo ukianza anafungua pochi anatafuta kitu.

Mimi nimejiwekea sharti moja. Mtu akisema kazi yangu mbaya, mbaya. Akisema chombo changu chakavu, chakavu. Juzi juzi nilikuwa kwenye harusi Igunga, mjomba wa bwana harusi akaizunguka kamera yangu mara mbili akaniuliza kama niliiokota kwenye treni ya Mjerumani, watu wakacheka, nikamwambia, "Ni mbovu, mzee, inajikongoja tu." Iliniuma mpaka meno. Lakini nilisema.

Na juzi kuna kijana wa Nzega alinipigia, amepata namba yangu sijui kwa nani, anajifunza mwenyewe kama mimi, ameona kamera ya aina hii inauzwa na hajalala siku kadhaa. Akanisalimia shikamoo kaka, nikaitikia, akaniuliza, kaka, hizi kamera za zamani bado zinafaa kununua? Nilikuwa nimeipakata mapajani, naifuta vumbi la lenzi uani. Nikamwambia inafaa, picha yake sijaona ya kuishinda, nunua, ila kama huwezi kukaa kimya watu wakiitukana mbele yako, iache. Akacheka, akadhani natania, akanishukuru sana.

Mama alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, upande wa pili wa uwanja. Niliposhusha simu niliona ameniangalia, ameiangalia lenzi ilivyoelekea kwake, akauweka ungo chini, akaingia ndani, akarudishia mlango.